Sakafu ya Kumsimamisha Baba Mkubwa

Mama yangu mkubwa ni seremala wa boti, na ana ugonjwa mmoja: haamini kitu mpaka akiguse, akimwagie maji, akikanyage. Muuzaji akimwambia, "Hii haitelezi, mama," ndiyo kwanza amemchokoza. "Haitelezi kwa mwenye viatu au kwa mtu aliye pekupeku? Mafuta yakimwagika je?" Wauza vifaa wakimwona anakuja, wote wanakumbuka kazi za stoo.

Mumewe, baba mkubwa, aliteleza kwenye boti yao ya kuvusha abiria, pale pale penye usukani, akaumia nyonga. Alipopona, wanawe walimwekea ngumu: hashiki usukani tena. Mzee akanuna, chai hanywi, salamu haitiki. Mama mkubwa akawapigia simu wanawe. "Nitamwekea baba yenu sakafu ambayo hata akitaka kuanguka atashindwa. Nikishindwa mimi, boti iuzwe." Wakakubali.

Basi bafu likawa karakana. Alileta vipande: mbao za msaji, plastiki ngumu, plaiwudi niliyoipaka rangi yenye mchanga, maana mimi ndiye mpaka rangi wake, na mkeka mweusi wa mpira. Akamwaga maji ya sabuni, kisha mafuta ya kupikia, akavua viatu, akapanda juu na kujitikisa.

"Ukivunjika na wewe, tutauza na nyumba," nilimwambia.

"Nishike mkono, acha domo."

Plastiki ilimtupa kifuani kwangu. Msaji ulishika vizuri kwenye maji, kwenye mafuta ukasalimu amri. Rangi yangu ilishika kila kitu, ila alidai inakwaruza nyayo, nimempakia msasa. Niliudhika, sifichi. Mpira ndio uliomkubali: alijitikisa, akajipinda, mguu haukusogea. Akacheka peke yake bafuni.

Tuliubandika kwenye boti asubuhi. Baba mkubwa alikuja mchana, jua la utosi. Akavua ndala, kwa sababu yeye na viatu ndani ya boti haviivi chungu kimoja, akasimama penye usukani uso umemnawiri kama bwana harusi.

"Mama watoto, hapa umemaliza," alisema.

Mama mkubwa naye akavua viatu, akaingia amfuate. Alipokanyaga tu, aliruka akarudi gatini. Nikaugusa mpira kwa kiganja nikautoa mbio. Kikaango kitupu! Baba mkubwa alikuwa bado amesimama, anapapasa usukani wake.

"Baba watoto, huungui?"

"Niungue na nini?"

Nilitaka kucheka, lakini nikamwona mama mkubwa anaitazama miguu ya mumewe. Akamshusha, akamkalisha kivulini, akainua unyayo. Ulikuwa mwekundu, malengelenge yameanza. Akaokota kijiti, akamchoma nacho taratibu kwenye kidole.

"Unasikia?"

"Umeshagusa?"

"Tangu lini?"

Mzee akaangalia pembeni. "Kabla sijaanguka. Ni hii sukari, miguu imekufa ganzi. Ningesema, mngenikalisha nyumbani."

Mama mkubwa hakumfokea. Akachota maji safi, akawa anamwagia nyayo polepole. Siku zote zile alikuwa ameihoji kila sakafu, na miguu ya mume wake hakuiuliza swali hata moja. Roho iliniuma kumtazama.

Simu yake ikaita, akaiweka spika. Alikuwa mwanawe wa kwanza, anataka kujua kama sakafu imefaa.

"Sakafu haikuwa na kosa lolote, ni miguu yake iliyokufa ganzi," alimjibu. "Kesho nampeleka baba yenu hospitali. Huo mpira nautoa, unaunguza."

"Kwa hiyo boti tunaiuza?"

Baba mkubwa aliinua uso akaitazama simu. Mama mkubwa akaendelea kummwagia maji.

"Haiuzwi. Usukani nitashika mimi. Baba yenu atakaa kando yangu anioneshe njia."

Akakata simu. Mzee alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Kwani wewe unajua kuendesha?" akauliza.

"Sijui. Utanifundisha."