Mtafsiri wa Picha

Venance Hakizimana hakumpenda mama mkwe wake, Mama Agata, naye hakumpenda yeye, na kwa miaka minne jambo hilo halikumsumbua mtu kwa sababu walikuwa hawaonani. Mmoja alishinda kwenye kiwanda cha madirisha, mwingine kanisani au kwenye maduka ya Grant Street. Korona ilipofunga kiwanda na kanisa katika wiki moja, wakabaki uso kwa uso katika nyumba ya vyumba viwili, theluji ya Aprili ikianguka mji mzima wa Buffalo, Amerika. Immaculée, mke wa huyu na binti wa yule, ndiye aliyeendelea kutoka kila alfajiri kwenda kufua mashuka ya hospitali.

Asubuhi ilikuwa vita ya muziki. Mama alifungulia kwaya kwenye simu, sauti mpaka mwisho, akaiweka mbele ya mkwewe. Venance akajibu kwa rumba. Kisha akachukua kitabu kinene cha Kiingereza alichokiokota kwenye chumba cha mashine za kufulia, akakaa nacho dirishani akigeuza kurasa taratibu ili bibi huyo ajue anaishi na msomi. Mama akauambia ukuta kwamba mwanamume anayesoma huku mkewe anafua mashuka ya wagonjwa ana jina lake kwao, na hilo jina hataki kulitamka.

Kila Jumapili alimpigia mwanawe Theogene aliyekuwa Whitehall, kule Columbus, spika ikiwa wazi kusudi. Theogene alikuwa na chumba cha ziada. Alitaka mama na dada yake wahamie kwake. Ghala analofanyia kazi lilikuwa linaajiri. Venance hakutajwa. Immaculée alijibu kila mara kwamba tutaona, na mumewe akaitafuna hiyo "tutaona" wiki nzima.

Mchana ilibaki televisheni. Mama hakujua Kiingereza. Kiburi alikuwa nacho, lakini kuchoka kukaa kulikizidi. Siku ya nne akasema bila kumtazama:

"Si wewe uliyekuwa ukitafsiri picha za video kambini? Tafsiri basi."

Hapo alimgusa penyewe. Katika kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, Venance alikuwa mtu. Ndani ya banda la video, jenereta ikinguruma nje, alishika kipaza sauti akawapa watu picha za Kimarekani kwa Kiswahili. Alilia na wajane, akafoka na majambazi, watoto wakamfuata njiani wakiiga sauti yake. Immaculée alikuwa akikaa mstari wa mbele, na ni sauti hiyo iliyomfanya ampende. Huku Amerika sauti haikuwa na kazi ila kumwitikia msimamizi.

Basi akatafsiri. Tamthilia ilikuwa na mwanamke mzee mwenye lulu shingoni, na Venance alipomwona tu moyo ukachangamka. Huyu, akasema, ni mama mkwe. Amehamia kwa bintiye, anataka kuvunja ndoa ya watu. Siku ya pili akampa ugonjwa wa ini. Wiki ya pili akamfanya aibe sadaka ya kanisa. Kufika wiki ya tano alikuwa amemfilisi kabisa, na kila mwanamke yule alipotokea na gauni jipya, Venance alieleza kwamba ameliazima. Mama Agata alikunja mikono akasikiliza. Kila siku saa nane alikuwa wa kwanza kwenye kochi, na Venance akaamini dawa inaingia.

Jumamosi moja ya Mei, Immaculée akiwa na mapumziko, mama alimwita akae.

"Mumeo ananiua kwenye televisheni hii kila mchana," akasema. "Theogene anaitazama tamthilia hiyo hiyo kule kwake, nimemuuliza. Huyo mwanamke ana hoteli. Hana hata mtoto."

Venance akajitetea kwamba ulikuwa mzaha, mchana ni mrefu. Immaculée akatabasamu kidogo, hilo angelisamehe. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu kambini. Akamwambia leo atafsiri vizuri, wote wasikie.

Mwanamke wa lulu alikuwa akizungumza na kijana mwenye tai. Venance akafungua mdomo. Akadaka neno la nyumba, akadaka neno la kesho, mengine yakampita. "Anasema kesho," akasema, kisha akaukazia macho uso wa yule mwanamke. Immaculée aliiacha televisheni akamtazama yeye.

"Hujui," akasema.

"Najua Kiingereza cha kazini."

"Na kambini?"

Venance akamtupia jicho mama mkwe. Hata yeye alikuwa ameduwaa. Alikuja kumnasa mwongo, haya mengine hakuyatazamia.

"Kambini nilitazama nyuso, nikajaza maneno. Watu walifurahi."

Immaculée akazima televisheni. Akauliza habari ya picha moja tu ya kambini, ya msichana aliyekataa kupanda ndege na wazazi wake, akabaki kumsubiri kijana asiye na kitu. Alisema nini pale mwishoni?

Venance alijua anaulizwa nini. Faili la Immaculée la kuhamia Amerika lilikamilika mwaka mmoja na nusu kabla ya lake. Mama aliondoka peke yake, na binti akabaki kwenye tope akimsubiri Venance mpaka majina yao wawili yakaunganishwa, kambi nzima ikimwita mwendawazimu. Mama hakuwahi kumsamehe yeyote kati yao.

Mtu mwenye akili angedanganya. Yeye, siku hiyo, alidhani ukweli utamwokoa, akautoa kwa sauti ileile ya banda la video.

"Sijui alisema nini. Maneno yale niliyatunga mimi. Nilikuona umekaa mbele, nikayatunga kwa ajili yako."

Immaculée aliitazama mikono yake iliyobabuka kwa dawa za kufulia. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, mpigie Theogene. Mwambie tunakuja wawili, mimi na wewe."