Baba Alipoomba Kaburi kwa Wakweka

Baba alikuja Toronto baada ya mama kufariki, masikio yake yakiwa tayari yameharibika. Ukimsogelea sikio la kushoto na kupaza sauti alikusikia, lakini katika ukumbi tunaoukodi sisi Wakenya kwa ibada, hapa St. James Town, ngoma na vipaza sauti vilimvurugia kila kitu. Aliketi akitazama midomo ya watu. Alizaliwa Mkweka, kule magharibi mwa Kenya ambako kanisa hilo huitwa la Marafiki, na alizoea ibada ya kuimba. Nilipopata habari kwamba kaskazini mwa jiji ipo nyumba ya kale ya Wakweka, nikampeleka.

Ilikuwa nyumba ya mbao isiyo na msalaba wala mnara, yenye mlango wa wanaume na mlango wa wanawake, ingawa siku hizo wote waliingia kwa mmoja. Ndani, wazee wachache waliketi kwenye mabenchi yanayotazamana. Hakuna aliyehubiri wala kuimba. Walikaa kimya saa nzima, wakapeana mikono, ibada ikaisha. Nilidhani baba amechukia. Garini akaniambia, "Mama, hapa sipitwi na kitu." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mamake.

Tukawa tunaenda kila Jumapili nisipokuwa zamu kazini. Bibi mmoja aliyetunza funguo alitutembeza makaburini nyuma ya nyumba. Alisimulia kwamba wazee wake walihamia huku kutoka Marekani enzi Kanada ikiwa koloni la Mwingereza, wakikimbia vita maana dini yao inakataa bunduki, wakagawiwa msitu uliokuwa hapo. Kabla hawajaezeka paa walikuwa wameshazika mtoto. Wale wa mwanzo hawakuwekewa mawe, kwani kwao jiwe la kaburi lilikuwa majivuno, ndiyo maana sehemu kubwa ya uwanja ilionekana nyasi tupu. Baba akaniagiza niulize wenyewe wa msitu, waliokuwapo kabla ya wageni hao, walikwenda wapi. Bibi akasema aliwahi kuwauliza wakubwa wake, wakanyamaza. Baba akatikisa kichwa. Kilima cha babu yake nacho kilichukuliwa na wamisionari, na wamisionari hao walikuwa Wakweka.

Hata hivyo alitaka alazwe pale. Kwetu mtu huzikwa bomani kwake, lakini ndugu zake walikuwa wameuza shamba lote, na kaburi la mama limebaki ndani ya ua wa watu wengine. Siku moja baada ya ibada akamwomba bibi. Bibi alinijibu mimi, kwa sauti ya chini, kwamba makaburi yamefungwa. Ardhi ilipopimwa kwa mtambo unaoona chini ya udongo, makaburi yasiyo na mawe yalionekana kila mahali. Baba alikuwa akinikodolea macho. Ikanibidi niinamie sikio lake na kupiga kelele, ndani ya nyumba ambamo hakuna apazaye sauti.

"Baba, wamejaa. Hapana nafasi."

Wazee wote wakageuka. Akauliza, hata kwenye zile nyasi? Nikasema hata huko.

Garini, karibu na nyumbani, baba akanigeukia. "Ndugu za hawa ndio waliotuletea dini," alisema, "na wao wenyewe wamekwisha."

Mwaka uliofuata, waliobaki walishindwa hata kuipasha moto nyumba wakati wa baridi. Wakaikabidhi kwa baraza la mji, nalo likabandika kibao cha historia mlangoni na kufunga. Bibi alichukuliwa na mwanawe, akahamia mbali, sikupata habari zake tena. Baba hakutaka kurudi ukumbini. Jumapili alivaa koti lake, akaketi dirishani, juu ghorofani, mpaka chakula kikapoa. Nilimuuliza kama anaomba. Akasema hapana, amekaa tu.

Alifariki kipindi cha theluji. Tulimzika katika makaburi makubwa kando ya barabara kuu, ambako udongo ulioganda kwa baridi ulipashwa moto kwanza ndipo ukachimbika. Watu wetu waliimba harakaharaka, kwa kuwa msafara mwingine wa mazishi ulikuwa ukisubiri langoni. Wanangu waliniuliza kwa Kiingereza wimbo ule unasema nini. Upande mmoja wa baba amelala mtu nisiyemjua, na upande wa pili shimo lilikuwa wazi, likimngoja mwingine.

Makaburini hapo napapita kila ninapokwenda kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Unionville. Barabara ile hairuhusu gari kusimama.