Mutoni na kazi ya kuwaamkia kina mama wa mboga

Saa moja asubuhi Mutoni keshawasha kompyuta, chai inafuka pembeni. Nje, kina mama wa ushirika wa mboga wanafunga karoti na kabichi za kuvusha mpaka hadi Goma, Kongo, simu mikononi. Wanasubiri ukurasa alioutengeneza uwaamkie na kuwaambia mpakani kukoje.

Mutoni ana miaka 24, mtoto wa familia iliyorudi Rwanda kutoka Tanzania. Kuandika programu za tovuti ndiyo kazi yake, na ukimwuliza habari za mishale anayoichora ndani ya programu hizo, basi umeyataka.

"Ni rahisi mno," anasema, akigeuza skrini. "Ndani ya mabano unaweka kile unachoipa programu. Unachora mshale. Baada ya mshale unaiambia ikifanyie nini."

(mtoto) => "Mwaramutse, Mama " + mtoto

Mwaramutse ni salamu ya asubuhi kwa Kinyarwanda. Ukiipa jina la Keza, inamwamkia Mama Keza. Hapa Gisenyi mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wanachama thelathini na wanane walifurahi kuamkiwa hivyo. Wa thelathini na tisa ni Mukabera.

Mukabera hakujaliwa mtoto. Alipoulizwa mtoto wake wa kwanza anaitwa nani, alijibu, "Hakuna," na Mutoni, mbio mbio, akaandika hivyo hivyo. Kesho yake Mukabera, asiyejua kusoma, akampa mwenzake simu amsomee. Yule akasoma kwa sauti: Mwaramutse, Mama Hakuna. Watu wakacheka. Mukabera akajitwika kabichi zake akaondoka, na wiki mbili nzima hakuonekana.

"Nililia," anasema Mutoni. "Mashine ilifanya nilichoiambia. Mimi ndiye niliyewauliza wote swali moja."

Akamfuata nyumbani, Cyanzarwe, kumwomba radhi. Mukabera alimkaribisha, akampakulia viazi, ndipo akasema: "Mi siko na kasirani na we, mutoto wangu. Lakini ile siku nilisikia haya sana."

"Sasa tukuiteje, mama?"

"Andika Mukabera. Ni baba yangu alinipa ile jina. Tangu alikufa, watu wananiita tu mama wa kabichi."

Mutoni alirudi na moyo mwepesi, akafuta Mama na mtoto, akaweka jina:

(jina) => "Mwaramutse, " + jina

Kila mwanachama amechagua jina lake, na Mukabera amerudi ushirikani. Mwezi ujao Mutoni anakwenda Busasamana, ambako kina mama wengine wanautaka ukurasa huo. Hatakwenda peke yake.

"Ye ataandika," anasema Mukabera, akikaza kamba ya mzigo wake. "Kuuliza majina, ni mi nitauliza."