Mwanga Uliobaki Majini

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijiona najua kila kitu. Mwalimu alitufundisha kwamba jua ndilo linalowaka. Mwezi na sayari zinaazima tu mwanga wake. Nikarudi nyumbani kuwasahihisha wakubwa. Mjuaji mkubwa mimi, na mdomo juu.

Siku zile kwetu Rumonge, kando ya ziwa, wanaume walikuwa wanachukuliwa na askari na hawarudi. Baba, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, akavuka maji kwenda Kongo. Alimwachia mama agizo moja: siku ya nne, giza likiingia, ataleta mtumbwi karibu na awashe taa ya chemli, ameifunika pande tatu kwa bati ili ionekane nyumbani kwetu tu. Tukiiona, tushuke. Ikizimika, ameondoka. Askari walikuwa wanapita njia ya chini, kwa hiyo kushuka bure kulikuwa kujipeleka mikononi mwao.

Macho ya mama yalikuwa mabovu, kazi ya kuangalia ikawa yangu. Jua lilizama nyuma ya milima ya Kongo, sayari ya Zuhura ikabaki juu, nyeupe, haipepesi. Chini yake, majini, kulikuwa na mwanga mdogo.

"Pale chini iko taa," mama alisema.

"Hapana, mama. Ni Zuhura hiyo, inajiona kwenye maji. Tumeisoma shuleni."

"Mutoto, mimi naona taa."

"Ni macho yako, mama."

Baadaye tukasikia viatu vya askari njiani, nami nikajipongeza kwamba nimetuokoa.

Tulikaa hivyo, roho mkononi, mpaka Zuhura ikagusa mlima na kuzama. Nilingoja mwanga wa majini uifuate. Haukuifuata. Ulibaki palepale, mwekundu kidogo, na sayari haipo tena.

"Mama, ni yeye."

Hakunigombeza. Tulitambaa kati ya michikichi, mimi nikiomba Mungu ile taa isife. Tulipokanyaga mchanga, ikazimika. Niliingia majini nikipapasa giza, nalia bila sauti, mpaka mkono wangu ukagonga ubao wa mtumbwi. Baba akanivuta ndani, kisha mama.

Na mimi nilijua tangu udogo wangu jinsi wavuvi wetu wanavyorudi nyumbani jioni: Zuhura mgongoni, pua ya mtumbwi kwenye nyumba yako. Ndivyo alivyokuja. Taa yake ingekuwa wapi, kama si chini ya nyota ile? Nilijua, na bado nilimbishia mama.

"Mumechelewa nini?" baba alinong'ona. "Mafuta imekwisha. Nilikuwa nageuza mtumbwi."



"Ni mimi," mama alisema. "Nilirudi kuchukua sufuria."

Baba alipapasa miguuni petu kutafuta mahali pa kuweka chemli. Hakukuta sufuria. Akashika kasia, hakuuliza tena.