Majina Niliyoyafuta Nyuma ya Picha

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Doha ambayo nikiikumbuka hadi leo nauficha mkono wangu wa kulia chini ya khanga, kana kwamba watu wanautazama. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa Pangani, darasa la saba na chuo cha Kurani, basi. Sina hakika kama mimi ndiye wa kukupa nasaha. Lakini kosa lilikuwa langu mwenyewe, na nadhani mtu anaruhusiwa kusimulia kosa lake.

Nilifanya kazi kwa Daktari Evelin, mwalimu wa chuo kikuu, aliyepanga ghorofa jipya kule mtaa wa Pearl, kuta bado zinanuka rangi. Alikuwa na pasi ya Uingereza. Wiki ya kwanza aliniambia kwamba yeye ni Myahudi, ila nisiende kulisema mtaani. Hakuona aibu, alisema, hakutaka tu maneno ya watu. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa na Myahudi. Niliyoyajua juu yao niliambiwa, na walioniambia nao waliambiwa. Nikafanya kazi yangu, nikaangalia kwa macho yangu.

Baridi ilipoingia akaja mama yake, Bi Habiba, bibi wa miaka themanini na ushee, mzaliwa wa Baghdadi. Shangazi yangu naye anaitwa Habiba. Nikacheka peke yangu jikoni. Kiarabu chake na hiki changu cha kuokoteza vilielewana vizuri, hasa kwenye mambo ya chumvi na chai.

Aliletwa kwa kazi maalumu. Kila asubuhi baada ya chai, Daktari aliweka picha moja mezani, akawasha kinasa sauti, mama akasimulia. Zilikuwa picha za Wayahudi wa Baghdadi wa zamani: wapiga vinanda vya udi na kanuni, usiku wa hina, wanawake waliodarizi nguo za harusi kwa uzi wa dhahabu, mfua fedha na kasha alilotengeneza la kutunzia kitabu chao cha dini. Karibu wote walihama, wakatawanyika duniani. Nyimbo zao Bi Habiba aliziimba kidogo kidogo. Akisahau, anagonga meza kwa kidole mpaka mstari urudi. Nami nilikuwa napiga pasi polepole makusudi, nisikie.

Sasa, kabla ya hapo nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja West Bay. Msimamizi wetu alitufundisha kwamba alama yoyote isiyokuwepo hoteli ilipofunguliwa ni uchafu. Tulitembea na raba mfukoni, tukifuta michirizi ya mabegi ukutani. Tabia ile ikaniingia mwilini. Akinyi, dada wa Kisumu ambaye nilikuwa nalala chumbani kwake, mtaa wa Mansoura, siku zangu za mapumziko, alinicheka sana. "Wewe na hiyo raba yako! Siku moja utajifutia visa, urudishwe kwenu na mandazi mkononi."

Siku yenyewe, mama na binti walikwenda hospitali kupima macho ya bibi. Picha zilikuwa mezani. Nikataka kuwafurahisha. Nikazigeuza, nikaona nyuma kumechafuka: vumbi, alama za vidole, michoro ya penseli iliyofifia. Nikatoa raba. Nitasema ukweli, kwa sababu bila ukweli maneno haya hayana kazi: moja mbili niliona zinafanana na herufi za Kiarabu. Hazikuwa na nukta wala irabu kama za msahafu, nikajiambia ni hesabu za mpiga picha. Nikafuta zote, nikazipanga kwa ukubwa, nikasimama pembeni nikingoja kusifiwa.

Bi Habiba alichukua ya juu, akaigeuza. Akachukua ya pili, ya tatu.

"Wako wapi?" akaniuliza.

"Akina nani, bibi?"

"Watu."

Yalikuwa majina. Kaka yake bibi, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, ndiye aliyeyaandika yote, kwa sababu ndiye aliyewajua watu wote. Daktari alipiga kelele, na haki ilikuwa yake. Ni kweli hakuwa ameniambia. Ni kweli pia sikuuliza. Nimelipima jambo hili miaka mingi, na kila nikilipima, upande wangu ndio unaolemea.

Bi Habiba akamwashiria bintiye anyamaze. Akanionyesha mwanamume mwenye masharubu, ameshika ngoma. "Huyu ni nani?"

"Sijui, bibi."

"Asubuhi ningegeuza picha nikakujibu. Sasa sote wawili hatujui. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nalia, nikainua picha nifiche uso, mwanga wa dirishani ukaipiga nyuma kwa ubavu. Hapo nikaona vivuli vidogo. Penseli ilikuwa imeondoka, lakini mkono wa yule kaka ulikuwa umekandamiza karatasi, mabonde yamebaki. Nikawasha tochi ya simu, nikailaza pembeni. Macho ya bibi hayakuyaona, ya Daktari yaliyaona ila hakusomeshwa herufi zile. Mimi nilisomeshwa, kwa fimbo. Nikaanza kama mtoto wa chuoni: "Swadi... alifu... lamu... ha."

"Saleh!" Bi Habiba akapiga meza. "Saleh wa dumbaki! Mlafi yule! Alimaliza halua ya harusi ya dada yangu kabla bwana harusi hajaingia!"

Daktari, machozi bado hayajakauka, akawasha kinasa sauti.

Tulifanya hivyo siku kumi na moja. Daftari langu la wakati ule limejaa maneno mafupi: leo wanne, leo mmoja tu, leo mfua fedha amepatikana na jina la baba yake. Wengine hawakurudi. Nilipokuwa nimesugua kwa bidii zaidi, palikuwa laini kabisa. Walibaki tisa bila majina, na hao tisa ni wangu.

Mmoja alikuwa mwanamke aliyeinamia kitambaa akidarizi. Bi Habiba alimtazama muda mrefu, akatikisa kichwa. Akanipa penseli niandike kwa mkono mwepesi, nisikandamize: mdarizi, jina halijulikani. Nikamuuliza kama niongeze kwamba ni mimi niliyelifuta, ili lawama ijulikane ni ya nani.

"Hapana," akasema. "Andika kwamba alishona kwa mkono wa kushoto. Tazama, sindano iko kushoto. Hii picha ni yake, binti yangu. Si yako."

Mwanangu, neno lile ndilo ninalokupa, maana langu mwenyewe sina. Simu yako imejaa nyuso. Mpelekee bibi yako moja, usimwambie akusimulie historia, atakuambia hana. Muulize yule aliyekaa mwisho wa benchi ni nani, alikuwa fundi wa nini, aliimba nini kwenye harusi. Rekodi sauti yake hata kama inakohoa. Andika jina, na pale usipolijua andika unachokiona, hata mkono ulioshika sindano. Fanya hivyo kwa watu wako, na ukikuta kazi hiyo nyumbani kwa watu wa dini nyingine, iheshimu vilevile. Na alama usiyoielewa, uliza kwanza. Ukikosea, usikae unalia juu yako mwenyewe. Rudi kwa yule uliyemkosea, uangalie kilichobaki.

Mwenyezi Mungu akulinde ulipo, akupe macho ya kusoma yaliyofifia. Na akujalie uzee wenye mtu wa kukuuliza, na mtu huyo asiinuke mpaka umalize kujibu.