Nani Anawasemea Huko Taveta?

Niliondoka kwa sababu ya mwanangu Saning'o. Kaburu mwenye shamba la kahawa chini ya Meru alimchapa kiboko kwa kuchelewa kazini, naye mwanangu akaapa kuhamia Taveta, ng'ambo ya mpaka, kwa Mwingereza.

"Huko mtu hapigwi, yeyo," aliniambia.

"Umeona?"

"Nimesikia."

"Basi tulia hapa. Mama yako atakwenda kuona."

Mwanamume akikutwa njiani alikamatwa kwa kazi za boma la serikali. Bibi kizee mwenye mzigo wa tumbaku, nani amtazame?

Alfajiri tulitoka kwetu Sekei, mimi na wanawake wenzangu wa sokoni. Mto Usa ulikuwa umejaa, tukauvuka tumeshikana mikono.

Moshi tulikuta watu wakibeba mawe ya reli, askari nyuma yao. Hakuna aliyeimba.

Taveta nilipokewa na binamu yangu Nalari, ambaye mumewe alikata mkonge.

"Karibu! Umekuja kuolewa?"

"Kwa meno haya? Nimekuja kuangalia kazi."

Asubuhi alinipeleka shambani. Kweli, kiboko sikukiona. Nilimwona kijana mwenye homa amelala kati ya mistari ya mkonge, wenzake wanampita wameinamisha vichwa.

Nikamuuliza mnyapara, "Nani anamsemea huyu?"

"Ajisemee. Kila mtu aliweka dole gumba lake mwenyewe kwenye mkataba. Akiondoka kabla ya muda, gerezani."

"Na rika lake?"

Akacheka. "Bibi, hapa hakuna rika. Kuna mkonge."

Njia nzima ya kurudi niliwaza. Kwetu vijana waliotahiriwa pamoja ni rika moja, wana msemaji wao, na neno lake ni la wote. Lakini msemaji walimweka kwa mambo ya ng'ombe tu. Kwa Kaburu walikwenda mmoja mmoja, kama kuku.

Nyumbani nilimwambia Saning'o mbele ya wenzake: "Huko kiboko hakipo, na wa kukusemea hayupo. Hapa mnaye, mmemwacha malishoni!"

Kahawa ilipoiva, Kaburu alimwita tena Saning'o mbele, kiboko mkononi. Rika zima likasimama, na msemaji akasema, "Akipigwa huyu, vikapu vyote tunaviacha hapa."

Kaburu akaitazama kahawa nyekundu mitini. Siku ile hakupigwa mtu.

Mimi nilikwenda kutafuta bwana mwema, sikumpata upande wowote. Ninyi mnaotaka kuvuka, ulizeni kwanza nani atawasemea.

Kesho yake msemaji aliitwa bomani ajieleze. Rika zima lilikwenda naye, nami nyuma yao na fimbo yangu.