Bastola ya Bosi, Sikio la Dereva

Kwenye kaunta ya duka la dawa huko Suwaidi, Riyadh, dereva Mkenya aliniomba nimrudilie kwa sauti maneno ya mwuza dawa. "Dada, sikio linapiga firimbi!" alifoka, ingawa nilikuwa ubavuni pake.

Bosi wake, aliyesimama nasi, alicheka. Akanyoosha mikono miwili, akairusha juu kunionyesha teke la bastola yake kubwa. "Ukifyatua, kifua kizima kinatikisika," akaniambia kwa Kiingereza. "Raha tupu!"

Akanieleza kwamba kila Ijumaa wao huenda jangwani kulenga shabaha, na dereva ndiye hupanga makopo.

"Dereva ana vizibo vya masikio?" nikamwuliza.

"Mafi, hana. Ninavyo mimi tu. Hata kipanga wangu namfungia garini, mlio unamtisha."

Sipingi raha ya mtu, jamani. Afyatue mpaka bega limteguke! Lakini ndege alindwe, binadamu aachwe?

Dereva akaniinamia, akidhani ananong'ona, kwa Kiswahili chetu: "Usimwambie sisikii, atanirudisha Kenya!" Duka zima likageuka.

"Anasema nini?" bosi akauliza.

"Anakushukuru," nikamjibu.